Nitamwambia Yuditha

Chanika, Handeni
Novemba 1974

Dada yangu mpendwa Efrazia,

Shikamoo. Nakusalimu hapo Mombo, wewe na chapati zako na vumbi la mabasi ya Lushoto. Mguu unaendeleaje? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Mimi nasema sijambo kwa kuwa ndivyo barua zinavyoanza, lakini sijambo hiyo ni ya mdomoni tu.

Tumetoka kule kijijini tulikohamishiwa, tumepata chumba hapa kwa mzee Muhidini ili niwe karibu na hospitali. Daktari hakunificha. Alisema ni ini, na dawa aliyonayo ni ya kupunguza maumivu tu. Tumbo limejaa, mikono imebaki mifupa. Mvua hakuna. Tunakula ugali wa unga wa njano wa msaada, na huo nao siku hizi haunipiti kooni.

Katekista Yordani alikuja kwa miguu kutoka kijijini kuniombea. Aliniuliza kama naogopa. Nikamjibu, "Naogopa sana." Akanishika mkono, akanihakikishia kwamba Mungu ana huruma na moto si wangu. Sikumweleza kwamba siogopi moto. Dada, naogopa kutokuwepo. Mvua itakuja kunyesha hapa Handeni, watu watapanda, na mimi sitakuwa na habari.

Halikuanza leo. Unakumbuka Yuditha wetu alivyokufa kwa surua kule Ngombezi, tukiishi bado katika kambi ya mkonge. Padri alisema amelala. Mimi nilimjua mtoto yule alivyokuwa akilala: goti moja juu, mdomo wazi, shuka ameisukumia mbali. Mle jenezani hakuwa amelala. Tangu hapo nimekwenda kanisani na mke wangu, nimepiga magoti, nimeitikia, na ndani hamna kitu. Sijamwambia mtu.

Sasa juzi mchana Hilaria alikuwa akiniogesha. Akasema polepole, bila kunitazama, "Baba Yuditha, ukifika, mwambie mtoto lile gauni lake la bluu sikuligawa. Waliliomba, nikakataa."

Maji yalianza kupoa. Ukweli ulikuwa umefika kwenye ulimi. Nikamwona alivyoinama, kitambaa mkononi, akingoja. Nikasema, "Nitamwambia." Akanikausha, akaenda kumwaga maji, nikamsikia uani akicheka na mke wa mzee Muhidini. Tangu tufike hapa sikuwa nimemsikia akicheka.

Kwa hiyo naungama kwako, dada uliyenibeba mgongoni: siamini kwamba nitamwona Yuditha, wala mama, wala wewe. Usinililie kwa hilo, wala usiniletee padri. Na Hilaria akikueleza habari za gauni, wewe itikia tu.

Ila nina ombi. Wenye imani huagana kwa kusema tutaonana. Mimi neno hilo sina. Panda basi mpaka Korogwe, hapo utapata gari la Handeni, uje upesi. Kama una la kuniambia, hata la kunigombeza, uje uniambie ningali nasikia.

Hilaria anakusalimu sana, na mzee Muhidini pia, ingawa hakujui. Wape wapwa zangu salamu, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi mdogo wako,
Dominiko