Mabonge ya Jumamosi

Alhamisi, 10 Oktoba

Seli zangu hazishikani. Wiki ya sita! Chupa tatu nimezitia protini ya kuzishikanisha, tatu sikuzitia; mashine mbili, kila moja na chumba chake, zinazitikisa usiku na mchana. Chini ya darubini zote ni punje moja moja, kila moja na hamsini zake. Daktari Malathi, msimamizi wangu, kasema picha zisipopatikana mwezi huu nisahau shahada. Kesho ni puja ya vyombo, ibada ya kubariki zana, Mysuru nzima haishiki kazi. Mama kapiga simu mara mbili kuhakikisha nami sishiki.

Jumamosi, 12 Oktoba

Zimeshikana! Mabonge mazito kama mtindi, chupa zote tatu zenye protini. Zisizo nayo — hakuna kitu. Daktari kaja mbio na sari ya sikukuu, kanivuta shavu. Picha kazituma Delhi kwa wafadhili wetu hapo hapo. Nimekula dosa nne na bado situlii. Sijui nina nini.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mzee Siddappa, mtunza mashine, alikuwa akiifuta alama nyekundu za puja mashine ya kutikisa chupa. Nikamtania kwamba baraka zake zimeniokoa.

"Si niliipumzisha, binti. Siku ya puja chombo hakitumikishwi. Niliizima asubuhi, nikaiwasha magharibi."

Nikamuuliza: na mashine ya chumba cha pili?

"Kule kulifungwa. Sikuingia."

Zenye protini zilikuwa kwenye mashine aliyoizima. Zisizo nayo, chumba cha pili. Basi kutwa nzima seli zangu zimelala chini, zikalaliana. Nimekaa juu ya ndoo, naandika haya.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimerudia. Protini, mashine inatikisa: punje moja moja. Bila protini, mashine imezimwa kutwa: mabonge. Sijamwambia mtu. Nikisema, shahada imekwenda, na wa kwanza kulaumiwa ni Siddappa. Kabakiza miezi saba astaafu. Naogopa, na ninajichukia kwa kuogopa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Daktari kaja na boksi la vitamu vya samli. Delhi wako kwenye simu, sauti imefunguliwa mezani. Naandika hapa hapa, wanadhani naandika wanayosema.

Mtu wa Delhi kauliza kama chupa zilitikiswa muda wote. Daktari kajibu: muda wote. Kisha kanigeukia.

"Au sivyo, Chaitra?"

Siddappa yuko mlangoni na tambara lake. Kaitazama mashine, kanitazama mimi. Ameelewa.

Nimewaambia wasubiri kidogo, naangalia daftari. Ninaloangalia ni hili. Daktari ananyoosha mkono alione