Gari la Viti Viwili

Mji Mpya, Morogoro
Jumapili, magari yakiwa yamelala

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya kuomba radhi, kwa zile siku ulizokaa stesheni ya Usoke na kapu lako la matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha, treni zinafika, zinaondoka, na mimi siteremki. Kaka Shija ameniandikia yote. Anasema mwishowe ulimwuliza mkuu wa stesheni kama huenda nimepitiwa na usingizi nikapelekwa Kigoma. Nilicheka mama, kisha nikalia, maana kwa usingizi wangu ungeweza kuwa umesema kweli.

Mgongo unaendeleaje? Na kuhamia kijiji kipya mmekwisha? Shija anasema nyumba zimepangwa mstari kama askari, na kwamba uligoma kupanda lori mpaka wakupakilie na mlango wako wa zamani. Umefanya vizuri. Mlango ule baba aliuchonga kwa mkono wake.

Mimi mwili haujambo, na Blasi mume wangu hajambo. Roho ndizo nitakazokueleza. Na wewe Shija unayemsomea mama, usiruke mahali. Ukifika penye aibu meza mate uendelee, kwani mficha uchi hazai.

Nilikuandikia kwamba narudi nyumbani, basi, nimechoka na ndoa. Sikusema kwa nini. Najua mlikaa mkawaza: amepigwa, au mume anakunywa, au ameletewa mke mwenzie. Hapana. Blasi hajawahi kuniinulia mkono. Nilitaka kumwacha kwa sababu ya gari.

Usishike kiuno kwanza, sikiliza.

Tangu surua ilipomchukua mtoto wetu, Blasi hakumtaja tena. Wewe hukumwona Kalunde ila mara ile moja, lakini alikuwa na jina lako, na kwa sababu hiyo baba yake hakuthubutu kumwita jina. Alimwita Mkwe. "Mkwe, njoo ule." "Mkwe, leo umeamkaje?" Na yule mtoto alikuwa akiitika kwa maringo ya mkwe kweli, mikono nyuma. Basi baada ya maziko neno hilo likatoka nyumbani kwetu. Kitanda chake kidogo Blasi alikichukua akakipeleka kwa dada yake kule Matombo, hakuniuliza. Alikwenda kiwandani, alirudi, alikula, alilala. Chozi sikuliona. Mimi nikilia, yeye anatoka nje kuchanja kuni ambazo zimekwisha kuchanjwa.

Hata makaburini, kule Kola, hakulia. Unamkumbuka Mzee Maganga wa kwetu, yule wa reli? Alikuja na Wanyamwezi wenzake kufanya kazi ya utani. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa akaruka ndani, akajilaza, akasema, "Mluguru, hapa pazuri, sitoki mpaka unikomboe!" Watu wakacheka huku wanalia, ndiyo kazi yake mtani. Blasi akatoa hela, akampa mkono, akamvuta juu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayelipa nauli.

Masika yakapita, na baada yake ndipo likaja hilo gari. Blasi tangu utoto, alipokuwa akiuza machungwa kando ya barabara kuu, alikuwa anayaona magari ya mashindano yakipita na vumbi lake, na aliapa kwamba iko siku. Kila mwanamume na ugonjwa wake. Akiba yetu ilikuwa ya bati za nyumba. Siku hiyo akaniambia, "Nyamizi, bati zingoje kidogo. Nataka gari. Tena si la kubebea mkaa, nataka gari la mbio." Nikasema haya. Nilifurahi hata, mama. Nilidhani mtu aliyetamani kitu ameanza kupona.

Tukazunguka mji kutafuta kuukuu la kulingana na mfuko wetu. Sikujua kama kuchagua gari ni kazi kuliko kuchagua mume. Blasi alikuwa na sumaku mfukoni, anaipitisha kwenye bodi polepole, isiponasa anasema, "Hapa hapana bati, hapa ni lipu na rangi." Anaweka kiganja nyuma ya bomba la moshi, halafu anakinusa. Anayumbisha tairi kwa mikono miwili, anasikiliza kama daktari. Balozi wetu wa nyumba kumi akatukuta siku moja Blasi yuko chini ya gari, miguu tu nje. Akainama akasema, "Ndugu Blasi, wenzio tunajenga ujamaa, wewe unakimbilia wapi?" Blasi akajibu kutoka chini, "Nakimbilia mkutano wako, ndugu balozi, usije ukaisha kabla sijafika."

Mwishowe yakabaki mawili, na bei zao zilikaribiana. Moja jeupe la Kijapani, milango minne, lililowahi kushindana kweli. Lilikuwa limebonyea ubavuni na siti ya nyuma imechanika, lakini injini yake ilikuwa safi. Lilikuwa la fundi mmoja hapa hapa mjini. La pili lilikuwa jekundu, dogo, la Kiingereza, paa lake turubai. Mwenyewe ni meneja wa Kigiriki kwenye shamba la katani njia ya Kilosa. Shamba limechukuliwa na serikali naye anarudi kwao. Blasi mwenyewe kwa kinywa chake alilihukumu lile jekundu: spea hazipatikani, tumbo lake linagusa mawe, Matombo kwa mama yake halifiki hata kiangazi, na petroli hii ya kupanga foleni linakunywa kama mlevi. Wenzake kiwandani wote walisema chukua jeupe.

Akaja jioni, akanawa, akaketi, akasema amechagua jekundu.

Nikamwuliza kwa nini.

Akasema, "Lina viti viwili. Sisi tuko wawili."

Mama, ule ugali niliokuwa nasonga niliuacha ukaungua. Wawili! Mimi kila mwezi nilikuwa bado nangojea mimba, nasema labda Mungu atatukumbuka, na kumbe mwenzangu amekwisha kupiga hesabu na kufunga. Wa kwanza amefutwa, na atakayekuja hana pa kukaa. Mke wa mtu hamwambii mumewe kila lililo moyoni, wewe ndiye uliyenifundisha. Kesho yake nikakuandikia wewe, nikakata tiketi.

Siku ya kwenda kulichukua ilikuwa Jumapili, nami treni yangu ilikuwa jioni ile ile. Blasi akanibembeleza twende wote baada ya misa ya kwanza, kwa lori la shamba, maana gari lilitakiwa liwe nyumbani kabla ya saa nane, baada ya hapo Jumapili magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani. Nikaenda. Nilisema moyoni, nimsindikize kwa furaha yake halafu kila mtu na njia yake. Kifurushi changu kilikuwa kimefungwa tayari chini ya kitanda.

Tukamkuta yule Mgiriki amekaa juu ya sanduku barazani, vitu vyake vyote vimefungwa kamba. Wafanyakazi wa shamba walikuwa wamekuja kutazama, wengi manamba wa zamani, na niliposikia tu lafudhi nikajua wa kwetu wamo. Blasi akanifungulia mlango kama bibi harusi. "Ingia, mama, ujaribu."

Nikaingia. Gari lile liko chini, mama, huketi, unazama. Nikajiona niko karibu na ardhi, kuta za gari huku na huku, watu wamesimama juu wananitazama. Na pale pale nikamkumbuka Mzee Maganga ndani ya kaburi la mwanangu.

Sikuwa nimepanga. Nilisikia tu mdomo wangu ukisema, "Mluguru, hapa pazuri. Sitoki mpaka unikomboe."

Wale wa kwetu wakapiga vigelegele. Mmoja akapaza sauti, "Ehee! Mtani kakamata! Haki yake hiyo, lipa!"

Blasi akacheka kidogo, kicheko cha haya. "Nyamizi, saa inakwenda." Akatoa shilingi.

"Shilingi mpe mama yako anunue ndizi."

Watu wakaangua kicheko. Akaongeza. Nikatikisa kichwa. "Kuku, basi," akasema. "Nitakununulia kuku."

"Kuku ninao, mtani. Hela na kuku kaa navyo. Mimi nataka umtaje."

"Nimtaje nani?"

"Yule ambaye humu hana kiti."

Mke asingeweza kusema hivyo mbele za watu, mama. Lakini mtani anaweza, na mtani hachukiwi. Kicheko kikaanza kupungua, kama watu wanaosikia kwamba mbele kuna kitu. Yule Mgiriki akauliza kwa Kiswahili chake, "Mama hapana taka gari?" Mzee mmoja akamjibu, "Mila hiyo, bwana. Ngoja."

Blasi alishika mlango wa gari kwa mikono miwili. Alitazama milima ya kwao kule mbali, akatazama chini. Nilijua akikataa, jioni napanda treni na sirudi tena.

"Mkwe," akasema.

Wale waliokuwa nyuma wakacheka tena, wakidhani ni mzaha. Hawakujua. Akarudia, "Mkwe. Mkwe wangu." Halafu akaketi kwenye changarawe, akalia, mama. Alilia mpaka Mgiriki wa watu akashuka barazani na maji ya kunywa. Mimi nilitoka kwenye gari, kwani nilikuwa nimelipwa.

Hapo chini kwenye changarawe ndipo aliponiambia. Siku aliyolijaribu lile jeupe, aliinua macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma, akaona kiti cha nyuma kitupu. Akashindwa kubadili gia. Alisimama katikati ya barabara, watu wakampigia honi, na fundi akadhani hajui kuendesha. "Siwezi, Nyamizi," akaniambia. "Siwezi kuendesha maisha yangu yote nakitazama kiti kile. Hili jekundu halina nyuma." Nami niliyedhani amemsahau! Kumbe alikuwa anamwona kila mahali, na alikuwa anatafuta mahali pamoja tu ambapo asimwone. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema hivyo, ila wazazi ni wawili, na mimi nilikuwa nimeuona wangu tu.

Jekundu hatukulichukua. Mgiriki hakukasirika. Alisema kwa kimombo kitu ambacho Blasi hakunitafsiria, akatupa na machungwa ya njiani. Tulirudi na lori lile lile, na treni ilipolia jioni nilikuwa nachambua mchele. Kifurushi nilimwonyesha, akakifungua Blasi mwenyewe.

Wiki iliyofuata tukalinunua jeupe. Nisikudanganye kwamba tumepona. Siku ya kwanza alikigeuzia kioo juu, akawa anaona paa, tukakoswakoswa na basi pale Msamvu, na dereva wake akatutukania wazazi wote, hata wewe. Blasi akasimamisha pembeni, akakirudisha kioo mahali pake. Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikakaa pale penye mchaniko.

"Haya tazama," nikamwambia. "Unaona nani?"

Akatazama kioo. "Naona mtani," akasema. Akaweka gia, tukaenda.

Tangu siku hiyo ndipo ninapokaa. Mji mzima unatucheka. Balozi anasema tumeleta ubwana mkubwa, mke anaendeshwa kama waziri na mume amefanywa dereva, tena katika gari la mashindano. Waache wacheke. Jumapili asubuhi tunakwenda Kola tukiwa na petroli. Blasi anapalilia, na anazungumza naye kwa sauti, "Mkwe, leo tumekuja mapema." Kisha tunakimbia kurudi kabla ya saa nane. Kuna siku analia njiani na mimi namwona kwenye kioo hicho hicho, na yeye ananiona.

Nisalimie mama mkubwa mfinyanzi, mwambie chungu chake bado kizima. Baba mdogo wa tumbaku mwambie ampunguzie Shija kazi apate kukusomea barua. Bibi mzaa baba mwambie dawa ya kikohozi nitaituma akipatikana mtu wa kuja huko. Shija, asante kwa kusoma, na kama umelia, sitamwambia mtu.

Mama, usiende tena stesheni. Blasi anaweka petroli kidogo kidogo, na kiangazi tutakuja kwa barabara mpaka mlangoni kwako, ule mlango wa baba. Ukisikia gari usitazame mlango wa mbele, mimi nitateremka wa nyuma. Na wewe tutakupandisha hapo hapo karibu yangu, tukutembeze kijiji kizima. Najua kwetu mkwe na mkwe hawakai karibu, lakini nimemwahidi Blasi kumwombea hilo kwako. Anasema anataka mara moja tu ainue macho kwenye kioo, aone Mkwe amekaa.

Ni mimi mwanao niliyebaki huku,

Nyamizi