Kilo Zilizohesabiwa Mara Mbili

Tarehe 2 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini wewe na Mama hamjambo, na mguu wa Mama umeacha kuvimba. Mimi mzima, ila vidole vimechubuka vyote kumi na kucha sina. Kaa kitako kwanza. Umekaa? Bosi amenifanya fundi mkuu wa gari la mashindano. Mimi! Karakana ina mafundi watano, wanne wanaume, na funguo za gari ziko mfukoni mwangu.

Kazi aliyonipa ni moja: gari lipungue uzito. Injini kubwa zaidi hairuhusiwi, kwa hiyo tukitaka lichomoke kwenye kona na lisimame haraka, ni lazima libebe kidogo. Lilikuwa na kilo elfu moja na arobaini. Nimeng'oa kiti cha nyuma, mazulia, redio na kiyoyozi. Chini ya mazulia kulikuwa na lami ya kuzuia kelele. Nimeibandua kwa patasi siku tatu, magoti chini, kilo kumi na nne! Vioo vya milango sasa ni plastiki ngumu, na boneti ni ya faiba, naibeba kwa mkono mmoja kama sinia. Hata bolti zilizochomoza nimezikata ncha. Dereva wetu akanicheka. Nikamjazia vile vipande kwenye viganja, karibu kilo nzima.

Jana limesoma mia nane arobaini na tatu. Sheria inasema lisipungue mia nane arobaini. Wanalipima mbio zikiisha, tangi likiwa tupu, na likipungua hata nusu kilo matokeo yanafutwa. Bosi kanieleza wazi kwamba hilo likitokea narudi kumwaga oili. Mbio ni tarehe 30.

Ningekupigia simu, lakini honi za malori zilikuachia nusu sikio, na haya sitaki uyasikie nusu.

Mwanao, fundi mkuu

*

Tarehe 7 Machi

Marahaba, mwanangu.

Sisi huku wazima. Mguu wa Mama unaendelea vizuri, na mdomo wake haujawahi kuumwa. Barua yako nimemsomea mara tatu. Ya nne kaisoma mwenyewe kwa majirani, na pale kwenye lami akaongeza siku mbili.

Miaka thelathini na mmoja nimesimama kwenye mizani ya malori nikiwaambia watu wapunguze mzigo. Hakuna hata mmoja aliyepunguza kwa hiari. Leo wa kwangu mwenyewe amepunguza karibu kilo mia mbili na hakuna askari aliyemsimamia. Hongera, mwanangu. Hongera sana.

Sasa niulize jambo. Umeniandikia mizani imesoma nini. Hujaniandikia imekaa wapi. Ziko ngapi, na sakafu ikoje?

Baba yako

*

Tarehe 12 Machi

Shikamoo Baba, na Mama unisalimie sana. Mimi sijambo, uchovu tu.

Nilijua! Nikasema moyoni, huyu mzee atanipongeza mistari mitano kisha atanikagua. Baba, mimi si lori.

Haya, kwa kuwa umeuliza. Mizani yetu ni bapa, kila gurudumu linakanyaga ya kwake. Zilikuwa nne, mbili zimekufa. Bosi kachimba mashimo mawili sakafuni kwa mikono yake akazilaza humo ili tusizikwae, zimezama kama vidole vitatu hivi. Tunaweka magurudumu ya mbele tunasoma, tunasukuma gari, tunaweka ya nyuma tunasoma, tunajumlisha. Hesabu ya darasa la pili. Bosi anajivunia yale mashimo kuliko nyumba yake, kila mgeni lazima aonyeshwe.

Umeridhika?

Mwanao

*

Tarehe 16 Machi

Marahaba. Natumaini hujambo. Sisi wazima. Sijaridhika.

Magurudumu ya mbele yakiingia shimoni, ya nyuma yakabaki juu, gari linainamia mbele. Uzito kidogo wa nyuma unashuka mbele, na mizani inausoma. Ukisukuma, nyuma ikaingia shimoni, gari linakalia nyuma, na sasa uzito kidogo wa mbele unashukia huko, unasomwa nao. Ukijumlisha, kuna kilo umezihesabu mara mbili. Kwa vidole vitatu na gari la namna hiyo, nakisia ni kilo tano mpaka saba. Wewe una akiba ya tatu. Gari lako halijafika mia nane arobaini, mwanangu. Liko chini.

Kituoni kwetu ilikuwa kinyume chake. Barabara pembeni ya mizani ilibonyea, kwa hiyo ekseli iliyo juu ya mizani ilisoma pungufu, na kwa miezi minane malori yalitupita yamejaa mpaka shingoni. Ni mimi niliyeligundua, na wakubwa wangu hawakufurahi kuambiwa.

Dawa yake ni rahisi. Weka mbao ngumu chini ya mizani mpaka uso wake ulingane na sakafu, hakikisha kwa pimamaji, kisha pima upya.

Baba yako

*

Tarehe 25 Machi

Mwanangu, hujambo?

Siku tisa kimya. Mama anasema nimekuudhi. Yawezekana, ninayo hiyo sifa. Lakini sikuandika ili nikushushe. Umefanya kazi ambayo mimi nisingeiweza, na sitaki ifutwe kwa ajili ya shimo la mtu mwingine. Nikasirikie, lakini mbao uziweke.

Baba

*

Tarehe 2 Aprili

Baba, shikamoo. Shikamoo tena. Mama naye shikamoo yake.

Nianze na tulipomaliza. Wa pili! Magari kumi na tisa, na sisi wa pili, tena kwenye kona ya mwisho Dereva alimpita mtu mwenye injini mpya kabisa. Gari lilikuwa linageuka kama mtu mwembamba sokoni. Kisha wakalisukuma kwenye mizani yao. Mia nane arobaini na mbili! Nililia mbele za watu, na sioni haya.

Sasa kimya changu. Barua yako niliipata tarehe 20. Niliisoma nikajua papo hapo umesema kweli, na nikaiweka mfukoni siku tano. Haikuwa hasira, Baba. Kumwambia Bosi kwamba mashimo yake yanadanganya, lazima aniulize nimejuaje. Na mimi hapa niliwaambia wote kwamba baba yangu ni mtu wa usafirishaji. Ana malori.

Nilianza shuleni. Unakumbuka darasa letu, nusu nzima watoto wa madereva. Wewe ulikuwa unawazuia baba zao barabarani, wao wananizuia mimi uwanjani. Nilipohamia shule ya mbali ambako hawakukujua, siku moja nikasema uongo, ukanipa raha, nikauzoea. Nimetembea nao mpaka leo.

Tarehe 25 nilimwendea Bosi. Barua yako ya pili ilikuwa haijafika, hiyo ujue, nilikwenda mwenyewe. Akafoka: nani kasema? Mafundi wote wamesimama pale. Nikasema, "Baba yangu. Amepima malori miaka thelathini na mmoja na hajawahi kukosea." Bosi akaniuliza, si ulisema ana malori? Nikamwambia nilidanganya, hana hata moja, alikuwa mpimaji. Spana ya mtu ikaanguka.

Tukaweka mbao na pimamaji. Mia nane thelathini na saba! Baba, tungefutwa kweupe. Nikafunga bamba la chuma la kilo sita sakafuni mwa gari kwa bolti, mimi niliyekata ncha za bolti kutafuta gramu. Mengine unayajua.

Bosi ameyafukia yale mashimo. Anataka uje upange mizani mpya. Mimi nataka uje tu.

Nisamehe, Baba. Nilikuonea haya, na ulikuwa wa kujivunia.

Mwanao

*

Tarehe 6 Aprili

Marahaba, mwanangu, marahaba mara zote ulizoandika.

Sisi wazima kuliko jana. Mama amekwisha tangaza mtaani kwamba umeshika nafasi ya kwanza, nimemsahihisha, hataki. Mimi mwenyewe nimetembea na barua yako mpaka kwenye kijiwe cha madereva wastaafu, wale wale niliowazuia, nikawasomea mwanzo mpaka "wa pili". Walipiga makofi. Mmoja akasema kumbe ile familia wote ni wagonjwa wa kilo. Nimekubali.

Nitakuja Jumamosi. Mwambie Bosi asichimbe kitu.

Kuhusu yale malori yangu, nilijua. Mwalimu wako wa shule ile ya mbali alipita kituoni mwaka huo huo, akanikuta kazini akanisalimia, akaniuliza, "Binti yako anasema una malori, ni mangapi?" Nilimwangalia, nikakufikiria wewe darasani. Nikamwambia ni mawili, ila moja bovu.

Kwa miaka thelathini na mmoja huo ndio uongo pekee niliousema nikiwa nimevaa sare, na nikiulizwa tena leo nitaongeza lori la tatu.

Baba yako