Maduara ya Chokaa Kinamasini

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa jaladani. Jinsia: mwanamke. Umri: miaka 43. Kazi: mtaalamu wa wanyamapori. Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya ofisi ya hifadhi.

Nimekuja kwa hiari yangu kuhusu dereva wa ofisi yetu, anayeshikiliwa hapa kituoni tangu juzi. Ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, ghala la mafuta lililo upande wa juu wa mto lilipigwa bomu. Mafuta yakashuka hadi kinamasini. Tarehe 6 ofisi ilinituma nikatathmini hasara kwa wanyama, nyasi na maji. Tulikwenda watu wawili, mimi na dereva.

Siku hiyo kila mzoga tuliouhesabu tuliufunga kitambaa chekundu. Usiku fisi wakairarua mizoga, vitambaa vikapotea. Kesho yake tulijikuta tunahesabu viboko wale wale. Shemeji akasema, "Shemu, hawa wanafufuka ili wafe tena." Nilicheka, kisha nikaona aibu. Mbele yetu kulikuwa na kiboko na mtoto wake ubavuni, wote wamegandwa na mafuta.

Ndipo nikamwagiza azungushie kila mzoga duara la chokaa, upana wa hatua nne, na namba kubwa pembeni. Nilitaka yaonekane vizuri kwenye picha za droni yetu. Alilalamika, "Hatua nne nyingi, shemu. Huu mgongo haujaajiriwa na serikali." Nikamwambia achore tu.

Tarehe 9 nilibaki ofisini kupima maji, yeye akarudi kinamasini na gari. Saa nane na dakika kumi mchana alinipigia simu. Sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. Alisema, "Wanajeshi wamenishika. Wanasema nazichorea ndege za adui alama. Mimi hata kuku sijui kuchora! Waambie, shemu." Simu ikakatika.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Kwa utaratibu wetu wa wakati huu wa vita, kabla ya kuweka alama yoyote inayoonekana kutoka angani, lazima kambi ya jeshi ipelekewe barua. Barua niliiandika tarehe 7. Mkuu wa ofisi alikuwa safarini, muhuri umefungiwa kabatini kwake, nami sikutaka kupeleka barua isiyo na muhuri. Niliiweka kwenye droo. Nilidhani siku mbili tatu hazina neno.

Asubuhi ya tarehe 9, kabla hajawasha gari, shemeji aliniuliza, "Jeshi wanajua?" Nikamjibu, "Wanajua."

Leo asubuhi mama mkwe alinitengenezea chai, akanishukuru kwa kuja kumtetea mwanawe. Chai sikuweza kuimaliza. Naogopa.

Nakabidhi barua hiyo pamoja na orodha ya mizoga 112, kila mmoja na namba yake. Aliyeagiza maduara ni mimi. Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Yamechukuliwa nami tarehe 11, saa nne na nusu asubuhi. Barua imepokelewa, haina muhuri. Nilipomuuliza shahidi kama ana la kuongeza, aliuliza iwapo dereva atasomewa maelezo haya. Nilimjibu kuwa atasomewa. Akasema, "Basi asomewe yote."