Aliyefanya Hospitali Ikurudishe Nyumbani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini una nafuu, na kwamba uvimbe wa shingoni haukunyimi usingizi. Mimi ni mzima, ila chaki imeniingia hadi kwenye nyusi.

Uliniuliza kwa hasira ni msomi gani aliyefanya hospitali ikurudishe nyumbani. Nivumilie kwanza nikueleze kazi yetu.

Mkuu wetu tunamwita Mzee Futa. Kwa miaka mitatu tumekokotoa jinsi mionzi inavyotawanyika ikipita mwilini, ili mashine iunguze uvimbe na kuacha nyama nzima. Sisi wa fizikia ya nadharia hatuna mashine. Tuna ubao mmoja mrefu, viti vitano na kifutio. Likionekana kosa, hata liwe kwenye mstari wa mwisho, mzee hufuta ubao wote na kuanza upya. Husema kosa halina adabu, halikai mahali pamoja. Nilipomtania kwamba atatuzeesha, alinijibu kuwa mwili wa mgonjwa haufutiki. Nampenda sana mzee yule, Mama. Ana miaka sabini, na hesabu ikikubali hucheka peke yake mpaka machozi yamtoke.

Mwezi uliopita hospitali ilikuwa tayari kuanza kutumia hesabu zetu, na jina lako lilikuwa la tatu kwenye orodha. Jumatatu moja, nikipitia daftari, nikaona tumekosea: mionzi ya kufika kwenye uti wa mgongo ingekuwa mingi kuliko tulivyoandika. Ukurasa ule niliukokotoa mimi.

Nilinyamaza siku nne. Niliona aibu, na niliogopa kukuchelewesha, nikajidanganya kwamba tofauti ni ndogo. Ijumaa nikashindwa, nikasema mbele ya wote. Mzee hakunigombeza. Alipiga simu hospitali, akawaambia wasianze, akasema kosa ni lake kwa kuwa kazi ina jina lake. Kisha akafuta ubao wote, akanipa chaki. Tangu siku hiyo anakuja hata siku za mapumziko.

Kwa hiyo usimlaani yeye. Aliyekuchelewesha ni mimi mwanao, na aliyekuwa tayari kwa siku nne kukulaza chini ya hesabu mbovu ni mimi pia. Nisamehe, Mama. Daktari anasema uvimbe unaweza kungoja wiki sita. Sisi tunahitaji tano.

Nisalimie shangazi na wadogo zangu wote. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, ila siku utakayoitwa, tafadhali njoo.

Ni mimi,
kifungua mimba wako