Kata ya Kwanza ya Uraka

Rutamba,
Oktoba 2

Dada mpenzi Genoveva,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba biashara ya vitenge hapo Kilwa Masoko haijalala. Sisi hatujambo, na mikorosho imebeba vizuri. Ningepiga simu, lakini mtandao wa huku unataka mtu apande juu ya kichuguu apige kelele, na habari zangu si za kupigiwa kelele.

Nianze na Ignatius, na usinicheke. Asubuhi huamka kabla yangu akanichemshia maji ya kuoga. Akitoka shambani huniletea bibo moja, jekundu kupita yote, amelifuta kwa shati lake. Akicheka nasahau nilichotaka kusema. Dada, sikujua kwamba mume anaweza kuwa rafiki.

Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Malaika Mikaeli, somo wa kigango chetu. Baada ya Misa ukoo mzima ulikusanyika shambani kwa baba mkwe, Mzee Gregori. Tulitandika mikeka, tukapakua wali wa nazi, mbaazi na kuku. Uraka, ile pombe ya mabibo, niliukamua mwenyewe, nikauchuja na kuuacha uchachuke. Baba mdogo Klementi alisema harufu yake tu inamlewesha. Mkewe akamjibu kwamba yeye hulewa hata akipita karibu na mtungi mtupu. Tulicheka mpaka watoto waliolala wakaamka.

Katika nyumba hii, mke mpya akikamua uraka wake wa kwanza, huonja yeye mbele ya wakwe, ndipo wazee wanywe. Mama mkwe alichota akanipa kata. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaishika kidogo, kisha nikamrudishia nikamwomba radhi, kwamba leo siwezi.

Wanawake walitazamana, halafu vigelegele vikapanda. Huku mke mpya hakatai kata ya kwanza ila kwa sababu moja. Mama mkwe aliniwekea firigisi, ambayo ni ya wanaume, akasema nisibebe tena ndoo ya maji. Mzee Gregori alichagua mkorosho mchanga, akatangaza kuwa usiguswe na mtu, ni wa mjukuu wake. Ignatius alilia mbele za watu wala hakujali. Aliniambia sikioni kwamba alikuwa akiogopa hata kuomba. Nilimfuta machozi kwa kanga yangu. Nikatabasamu, nikaila ile firigisi. Haikuwa na ladha yoyote.

Dada, mimba ilikuwepo kweli. Niliificha nije kumwambia Ignatius siku hiyo ya somo, iwe zawadi yake. Wiki moja kabla ikatoka, yeye akiwa Lindi kutafuta magunia. Nilikwenda zahanati peke yangu, nikapewa vidonge na kuonywa nisiguse kileo mpaka viishe. Ndiyo maana nilirudisha kata. Nilikusudia kumweleza tukifika nyumbani, lakini njia nzima alikuwa akiimba.

Sijalia. Nafua, napika, nacheka wakicheka, kama vile yote yamempata jirani. Mama mkwe ameanza kusuka mkeka mdogo, na kila nikipita barazani umezidi urefu. Ignatius ananitajia majina. Nampenda mno, dada, na kila jina analotaja nalisikia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya pili.

Nimekuandikia wewe kwanza nione kama maneno haya yanaweza kunitoka. Yametoka. Sasa nasikia anaegemeza baiskeli ukutani. Nitamwambia kabla hajanawa mikono, maana akishaketi ataniuliza kama lile jina la jana nimelipenda.

Nibusie watoto, na umpe shemeji salamu zangu za heshima. Ukipata nafasi, njoo, hata kwa siku moja tu.

Mdogo wako akupendaye,
Fortunata