Jina la Nane kwenye Jiwe la Kabazi

S.L.P. 318,
Subukia.
9 Agosti 2025

Mpendwa Guka Jamleck,

Pokea salamu nyingi kutoka Kabazi. Je, goti lako limepata nafuu? Natumai baridi ya huko Kanada haijaanza kukusumbua. Sisi hatujambo. Mvua ilinyesha vizuri na mahindi yameanza kubeba. Ningepiga simu, lakini unajua vile mimi huishika na kunyamaza hadi unadhani mtandao umepotea. Ndiyo maana naandika.

Mwaka jana mwalimu wa historia alituambia tuandike ukoo wetu. Nilianza na programu ya mazishi ya baba yako, Mzee Micah. Ina watoto saba, na msichana wa kwanza ni Waithera. Hapo nikakwama. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na mama wa Mzee Micah aliitwa Wariara. Waithera ni jina la upande wa mama, la msichana wa pili. Sasa wa kwanza alikuwa wapi?

Niliuliza nyumba nzima. Mwishowe Cucu, mke wa marehemu ndugu yako Hiram, alinijibu akimenya viazi, bila kuinua macho. Alisema Wariara aliolewa na Mkipsigis huko Mau Narok mwaka wa 1966, na Mzee Micah akakataza jina lake kutajwa.

Baba alinipeleka huko Desemba. Tulimkuta Wariara akichagua mbegu za viazi. Nilipomwambia mimi ni Shiru wa Kihara wa Hiram, alisema alidhani ni watu wa sensa tu ndio humtafuta mtu wa umri wake. Kisha akanishika mkono na kuuliza habari zako kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisema alikuwa akikubeba mgongoni akichuma pareto, na siku moja ukala maua ukamtapikia shingoni. Mwanawe Kimutai alisema hadithi hiyo wameisikia kila Krismasi.

Nilirudi mara nne na daftari langu. Nikiandika haraka alinikatiza: "Polepole, sitoroki." Mara ya mwisho nilimuuliza kama ana uchungu na baba yake.

"Nilimsamehe kitambo," akasema. "Lakini niliolewa, Shiru. Sikufa."

Alifariki mwezi wa Mei. Kutoka Kabazi tulienda kumzika watu wawili tu, Baba na mimi.

Guka, sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kaburi la Mzee Micah linawekewa jiwe jipya, lenye majina ya watoto wake, na tutakusanyika siku ya Mashujaa kuliombea. Baba mkubwa Karanja ameandika majina yale yale saba. Nilipomwambia aongeze la Wariara, alisema mambo ya wazee hayafukuliwi, na tena jiwe halina nafasi. Nikaenda mwenyewe Nakuru kwa fundi Wamalwa. Alipima kwa futi yake, akacheka, akasema hata timu nzima ya mpira itaenea, pamoja na wachezaji wa akiba. Karanja sasa anasema atakubali iwapo tu mtoto wa Mzee Micah mwenyewe atalitaja jina hilo. Katika wale saba umebaki wewe peke yako.

Najua hukumsahau. Kimutai alinionyesha kadi ya Krismasi uliyomtumia dada yako mwaka wa 1978. Wariara aliiweka ndani ya Biblia yake.

Nakuomba umpigie Karanja simu kabla ya tarehe 30 Septemba, siku ambayo fundi ataanza kuchonga. Usipopiga sitakukasirikia, lakini sitanyamaza. Nitasimama mbele ya ukoo wote, mimi ambaye hata kusoma somo kanisani hunitetemesha, nami nitamtaja. Ila ningependa wasilisikie jina hilo kwangu kwanza. Ningependa walisikie kwa ndugu yake.

Msalimie sana Shangazi Njoki na watoto. Cucu na Baba wanakusalimu. Kimutai pia anakusalimu, anakuita mjomba.

Mungu akupe afya, na akutie nguvu kwa neno hilo moja.

Mjukuu wako akupendaye na anayekutegemea,
Shiru